Kopo la Nyirinyiri Lililokwenda Istanbul

Saa kumi na moja na dakika kumi jioni, siku ya Jumatatu, tukiwa tumebakiza usiku mmoja tuondoke Garissa, jirani yetu Halima, mjane, aliingia uani kwetu akiwa amekumbatia kopo la bati la maziwa ya unga. Alikuwa amelishonea kitambaa cha gunia la unga kuanzia chini hadi juu, mishono ya karibu karibu kama ya godoro.

"Walaal, ndugu yangu," akaniambia, "nimesikia mnakwenda anakokaa mwanangu Liban."

"Tunakwenda Istanbul, ndiyo."

"Basi mchukulieni nyirinyiri. Ngamia, nimemkausha mwenyewe na kumtia samli. Huko wanakula mkate na majani."

Nikamuuliza kama kuna kitu kingine ndani. Akasema ni nyirinyiri. Sikuuliza tena. Kwetu mtu akikukabidhi amana unauliza mara moja. Ukiuliza mara ya pili umemwita mwongo, na ukiifungua umejiita mwizi. Mke wangu Fardosa alilipokea kopo kwa mikono miwili, akalipandisha na kulishusha kidogo kama anayepima sukari, akanitazama. Halima alifika mlangoni, akarudi, akaligusa tena, kama mzazi anayegusa paji la mtoto aone kama ana homa.

Niseme kwa nini tulikuwa tunaondoka. Mimi ni fundi wa mashine za visima. Shule niliiachia darasa la saba, mengine nimeyasoma mwenyewe katika vitabu vya pampu na ramani nilizoziokota maofisini. Nimefungua mashine kuanzia Buna hadi Dadaab, na Fardosa nilimpata kwao Hadado, nilipokwenda kutengeneza kisima nikakaa siku nyingi kuliko kazi ilivyotaka. Amelea watoto wanne huku akiuza vitambaa sokoni. Binti yetu wa mwisho alipoolewa nilimuuliza mama yake anataka nini sasa. Akasema anataka kuziona kwa macho zile nyumba za kando ya maji za kwenye tamthilia za Kituruki. Nilidhani anatania.

Kwetu mtu huenda ng'ambo kuhiji, kutibiwa, kufanya biashara, au kwa sababu amekimbia. Kwenda kutazama tu ni jambo lisilo na jina. Msikitini waliniuliza nani mgonjwa. Niliposema hakuna, mzee mmoja aliniombea dua ya mgonjwa hata hivyo, akiamini naficha.

Jumanne alfajiri tulipanda basi la Nairobi. Utingo alikuwa akigonga ubavu wa gari na kuita kwa lafudhi ya kwetu isiyo na p, "Banda mama, banda! Gari inaondoka!" na Fardosa akapanda akiwa amelibeba kopo mwenyewe, kwa kuwa hakutaka liwekwe buti. Kwenye daraja la Tana, kama kawaida, tulishuka wote na vitambulisho mkononi. Askari aligonga kopo kwa ukucha.

"Hii ni nini, mzee?"

"Nyama."

"Ya nini?"

"Ya ngamia."

"Inaenda wapi?"

"Istanbul."

Akamwita mwenzake. "Kuja uone, kuna ngamia anaenda Ulaya!" Wakacheka, tukacheka nao, basi likavuka. Ukipita Madogo nchi huanza kubadilika polepole, na ukifika Mwingi miti huwa mirefu kuliko watu. Fardosa alilala. Mimi sikulala. Nilikuwa nimesoma kwamba uwanja wa ndege humuuliza kila msafiri kama begi lake amelifunga mwenyewe, na nilikuwa nafikiria nitajibu nini.

Saa mbili usiku, Nairobi, waliuliza kweli. Aliyeuliza alikuwa dada mmoja mwenye sare, mwenye sauti ya watu wa kwetu.

"Begi hili umefunga mwenyewe?"

"Lote, isipokuwa kopo. Kopo limefungwa na jirani."

Fardosa alinikanyaga mguu. Yule dada akalipitisha begi kwenye mashine mara ya pili, akasimamisha picha, akaitazama. Palikuwa na doa jeusi chini ya kopo. Akatoa kopo, akalipangusa kwa kitambaa chao cha kupimia, akangoja mashine ijibu. Ikajibu vizuri. Kisha akainamisha pua kwenye mshono.

"Nyirinyiri," alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Habaryar, mama mdogo wangu wa Wajir, hutia iliki namna hii. Weka kwenye begi la kwenda chini, adeer, ami yangu, na siku nyingine usimbebee mtu kitu usichokijua."

"Ni amana," nikasema.

"Najua ni amana. Ndiyo maana nakuambia."

Jumatano asubuhi tulitua Istanbul. Kabla ya mlango wa kutokea palikuwa na ubao wenye picha ya paja la nyama limepigwa mstari mwekundu. Nikasimama. Mimi huheshimu ubao. Ubao ulioandikwa hatari kwenye mashine umeniokoa vidole.

"Baba Hodan," Fardosa alisema taratibu, "ukisimama hapo utazamwe, utatazamwa. Tembea."

Nikatembea. Hakuna aliyetusimamisha, lakini tulipofika nje kwenye baridi nilikuwa nimechoka kama niliyevuta mabomba kutoka kisimani. Begi nilipolifungua hotelini, katika mtaa wa Aksaray, niliona kopo limepondeka ubavuni. Lilikuwa limeangushwa mahali fulani njiani. Nililipapasa: kavu. Garissa samli haigandi mwaka mzima, lakini huku bila shaka ilikuwa imeganda ikawa ngumu kama mshumaa. Nikaliweka kona ya chumba, chini ya dirisha, nikampigia Liban.

Nilimjua tangu akiwa mdogo akipanda ukuta wetu kufuata mpira. Alikuwa na miaka ishirini na minne sasa, mwaka wa tatu tangu aje kusoma uhandisi. Hakuuliza habari za Garissa.

"Adeer, kopo mnalo? Zima?"

"Lipo. Njoo ulichukue, na unywe chai."

"Leo siwezi. Msilifungue. Nitawaambia pa kukutana."

Alhamisi tuliingia mjini kama tulivyokusudia. Sitaeleza misikiti mikubwa, wengi wameieleza. Nitasema juu ya kitu kimoja. Karibu na mmoja wa misikiti hiyo kuna ngazi zinazoshuka chini ya barabara, na ukifika chini unajikuta katika ukumbi wa nguzo za mawe zisizohesabika upesi, zimesimama ndani ya maji. Ni hifadhi ya maji ya mji wa kale. Maji yaliletwa kwa mifereji kutoka msituni, mbali, bila injini, kwa mteremko peke yake. Nilisimama pale mpaka Fardosa akanivuta koti. Maisha yangu yote nimepandisha maji kwa dizeli, tena machungu, na hawa waliyashusha matamu kwa kupima mteremko. Niligusa nguzo. Ilikuwa na unyevu kama ubavu wa mtungi.

Tukiwa mle chini simu yangu ilipokea ujumbe wa Liban: tukutane jioni kituo cha treni. Tulipanda juu, tukarudi hotelini mbio kuchukua kopo, tukaenda kituoni, tukangoja mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuja. Akaandika kwamba ni kesho, mahali pengine. Fardosa alikuwa amelifunga kopo ndani ya shali, kifuani, na askari wa kituo alituzunguka mara tatu akiitazama ile shali.

"Kijana mwenye hamu ya nyama ya mama yake," Fardosa alisema, "angekuja kwa miguu."

Siku ya Ijumaa tuliswali msikitini, tukarudi kupumzika, na tulipofungua mlango chumba kizima kilinukia iliki. Mfanyakazi wa usafi alikuwa amelisogeza kopo ili afagie, akaliacha ubavuni mwa bomba la kupashia chumba joto. Samli ilikuwa imeyeyuka, ikapita kwenye ufa wa bati, ikaloweka kitambaa na kuchora duara kwenye zulia.

Nilikaa kitandani nikafikiri. Ukiacha mzigo wa mtu umwagike kwa sababu unaogopa kuugusa, hujautunza. Pampu inayovuja hufunguliwa. Nilishuka dukani nikanunua ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko, na Fardosa akakata mishono kwa wembe wangu, akisema bismillahi kwa sauti ili kuta zisikie.

Tulihamisha nyama kwa kijiko. Chini kabisa kijiko kiligonga kitu. Fardosa akatia mkono, akatoa kifurushi cha nailoni, akakifuta kwa kanga. Zilikuwa bangili sita za dhahabu, nene, za kizamani, na mkufu wenye kidani. Alizitambua kabla yangu.

"Hizi Halima alivaa arusini kwake. Hata kile kiangazi kilichomaliza mbuzi wake hakuziuza."

Tulikaa tukizitazama. Nilikuwa nimepita viwanja viwili vya ndege na dhahabu ya mjane ndani ya mafuta, nikisema kwa uhakika kabisa kwamba ni nyama.

Ijumaa alasiri tulikwenda kwa Shamso. Huyu ni mwanamke wa Buna mwenye mkahawa mdogo nyuma ya hoteli yetu. Tulikula kwake tangu siku ya kwanza, kwa sababu alitupikia wali na ndizi juu, na kwa sababu alimcheka Fardosa kwamba ametoka Hadado mpaka Istanbul kutafuta mume wa tamthilia. Fardosa alimuuliza kama anamjua kijana aitwaye Liban, wa Garissa, mwanafunzi.

Shamso aliweka birika chini.

"Liban mrefu? Mwanafunzi wa wapi, eeddo, shangazi yangu? Chuo aliacha mwaka jana. Alikuwa anashona mikoba kiwandani. Sasa yuko kwenye ile nyumba ya wanaongoja gari."

"Gari la wapi?"

"La pwani. Tahriib. Wanashushwa ufukweni, wanapanda mashua ya mpira kuvuka kwenda kwa Wagiriki. Gari ni kesho jioni. Mwenye pesa anapanda, asiye na pesa anangoja lingine." Akatutazama. "Kwani yeye ni nani wenu?"

Neno hilo, tahriib, kila nyumba ya Garissa inalijua. Kuna mama katika bulla yetu, mtaa wetu, ambaye mpaka leo anamwekea mwanawe sahani, na mwanawe alipanda mashua kama hiyo.

Tulirudi chumbani. Fardosa alitaka tufunge mzigo, tuhame hoteli na kuzima simu.

"Na amana?" nikasema.

"Amana ya kumzamisha mtoto?"

"Amana ni amana. Lazima imfikie mwenyewe."

"Basi wewe ndiye utakwenda kumwambia Halima nani alimkabidhi mwanawe nauli ya kaburi."

Hatukuwa tumegombana hivyo tangu tuoane. Niliswali, nikafikiri tena, taratibu, kama ninavyofanya mashine isipowaka: unaanza mwanzo wa bomba. Mzigo ni wa nani? Mpaka utakapoingia mkononi mwa mpokeaji, ni wa aliyeutuma, na mimi ni mjumbe wa Halima. Halima lazima alituma akidhani ni ada ya chuo. Basi ajue, aseme yeye. Nikampigia. Simu haikupatikana. Nikampigia binti yetu Hodan pale Garissa, akasema Halima amekwenda Hadado kwa kaka yake anayeumwa, na huko mtandao haupatikani mpaka mtu aende karibu na mlingoti.

Jumamosi asubuhi tulipanda meli ya abiria inayopita katikati ya mji, kwa sababu tiketi tulikuwa nazo na kwa sababu kukaa chumbani kulikuwa kubaya zaidi. Fardosa alivaa bangili zote sita chini ya mikono ya buibui, na mkufu chini ya mtandio. Tulikubaliana kwamba hapo ndipo mahali salama. Alisimama ukingoni, upepo unamvuta mtandio, na zile nyumba za kando ya maji zikaanza kupita, za mbao, nyeupe na nyekundu, zimekanyaga bahari.

"Ile," alisema. "Baba Hodan, ile nyeupe! Ni ile yenyewe!"

Nilikuwa nimegeuka, nampigia Halima. Nyumba aliyoisubiri maisha yake ya televisheni ilipita mgongoni kwangu. Nilipoinua macho niliona maji tu, ya kijivu, yanakwenda kwa nguvu, na nikayatazama kama fundi: kina sikukijua, na baridi yake niliisikia usoni. Mimi maji niyajuayo ni yale yanayopanda kwa bomba. Sijui kuogelea. Liban naye, aliyekulia Garissa, tena mama yake akimchapa kila alipoukaribia mto, angeyajulia wapi?

Saa tisa alasiri, Liban alikuja mkahawani kwa Shamso. Nilikuwa nimemwandikia kwamba sitatoka tena nje kumtafuta, anayetaka chake aje. Aliingia na begi mgongoni, viatu vipya vya mpira, amekonda. Kwenye mfuko wa begi ilichungulia kamba ya rangi ya machungwa, ya jaketi la kuelea.

"Salaam aleikum, adeer. Kopo liko wapi?"

"Aleikum salaam. Kaa, ule."

"Sina njaa."

Shamso alikuwa amepasha moto sehemu ya nyirinyiri na kuiweka na mkate. Kijana asiye na njaa alimaliza sahani kabla hajavua begi. Kisha akatambua anachokula.

"Mmefungua."

"Kopo lilipasuka," nilisema. "Nyama iliyobaki imo kwenye ndoo hii. Vingine viko salama."

Akaitazama mikono ya Fardosa, akaona ukingo wa njano.

"Hizo ni zangu, eeddo."

"Ni za mama yako," Fardosa alisema.

"Amenitumia mimi! Adeer, wewe mtu wa dini. Unakula amana?"

"Sijala. Nimebeba. Zitakuwa zako nitakapozitia mkononi mwako, na bado."

"Nitaiambia Garissa nzima."

"Iambie," Shamso alisema kutoka jikoni. "Na uwaambie pia ulikuwa unakwenda wapi."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakupandisha sauti.

"Ninyi mmekuja kutazama mawe. Mmepewa viza, mmelala hotelini, mmekunywa chai melini. Mkirudi mtasema Istanbul nzuri. Mimi nimelala mji huu huu watu tisa chumba kimoja. Nimeshona mikoba mahali hapana dirisha, na mwenye kiwanda akakataa kunilipa akijua sina pa kushitaki. Wewe utaniambia nini juu ya maji, adeer?"

Nilichokuwa nacho ni swali.

"Mama yako anajua?"

Akaisukuma sahani tupu.

"Anajua, au hajui?"

"Hajui."

"Basi tumngoje ajue. Akisema nikupe, nakupa hapa hapa, na begi lako nitalibeba mimi mpaka kwenye gari."

Fardosa alinitazama kama mtu asiyenijua. Lakini nilikuwa nimesema kweli, na Liban aliona ni kweli. Akakaa. Gari lilikuwa la saa kumi na mbili. Shamso alimimina chai ambayo hakuna aliyeinywa. Nilipiga, nikapiga. Liban alikuwa akitazama saa ya ukutani, na mimi nikawa najizuia nisiitazame.

Saa kumi na dakika arobaini simu yangu iliita yenyewe.

"Walaal, nimefika kwenye mlingoti nimekuta umenitafuta mara nyingi," sauti ya Halima ilisema, na nyuma yake upepo wa Hadado na kengele za ngamia. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Halima, kopo lilipasuka, nimeona vilivyo chini."

Akaanza kujieleza haraka. Liban alimwambia atafukuzwa chuo asipolipa. Angeuza dhahabu sokoni Garissa, bulla nzima ingejua kabla hajafika nyumbani, na kaka zake wangemzuia. Na kunificha mimi? Alijua nikiambiwa ningekataa.

"Ningekataa," nilisema. "Sasa sikiliza. Hakuna chuo. Aliacha mwaka jana. Yuko mbele yangu na begi. Ni tahriib, na ni leo jioni. Mzigo bado ni wako. Sema nimpe, nitampa. Sema nirudishe, nitarudisha. Mimi si mwenye neno hapa."

Nilimsikia akilitaja jina la Mungu mara tatu.

"Mpe simu."

Liban aliishika kwa mikono miwili, akatugeuzia mgongo. Hatukusikia alichoambiwa. Tulimsikia yeye akisema ndiyo, mama: "Haye, hooyo." Tena, "Haye, hooyo." Kisha, "La. La, hooyo, wallahi siyo kwa sababu sikupendi." Mabega yakamtikisika. Akanirudishia simu bila kugeuka.

"Walaal," Halima alisema, "dhahabu yangu niletee. Nyama ale."

Liban akavaa begi. "Watu wananingoja," alisema. "Kama si hizo, nitapata kwingine. Nitakopa."

Hakuna aliyemshika. Hakuwa mtoto. Fardosa alimfuata mpaka mlangoni na ile ndoo, akamsukumia kifuani.

"Chakula chako. Mama yako amekaa juani siku nne akifukuza nzi ili ukile. Ukimaliza mrudishie Shamso ndoo."

Ndoo niliinunua mimi, haikuwa ya Shamso. Lakini Shamso alielewa upesi.

"Na mimi sipokei chombo kitupu!" alimwambia kwa ukali. "Kwenu walikufundisha au hawakukufundisha? Chombo cha mtu hakirudi kitupu."

Akaichukua, akaondoka bila kuaga. Barabara ilikuwa imejaa watu, na mara hatukumwona tena.

Jumapili asubuhi tulikuwa tumepanga kuona kasri la masultani. Tuliliona. Ukiniuliza lina nini, sitakuambia. Nakumbuka kwamba kila kijana mrefu aliyepita foleni ile, Fardosa aligeuka. Saa sita tulipita kwa Shamso kuaga. Hakuna ndoo. Alikuwa amesikia kwamba gari liliondoka jana, limejaa, na usiku pwani kulikuwa na upepo. Zaidi ya hapo hakujua, na kwa watu wanaojuana kama wale, kutojua kulikuwa habari mbaya.

Saa saba na nusu mchana, mabegi yetu yakiwa kwenye ngazi za hoteli na teksi inaita honi, Shamso alikuja akikimbia, koti juu ya aproni, viatu vya jikoni. Mkononi alikuwa na ndoo. Ilikuwa imeoshwa mpaka inang'aa. Fardosa akafungua kifuniko kabla hajasema kitu. Ndani zilikuwa zabibu kavu, nusu ndoo, na juu yake mtandio wa samawati ambao karatasi ya bei ilikuwa haijatolewa.

"Ni vya Halima," Shamso alisema, akihema. "Anaosha vyombo kwangu sasa hivi. Hasemi na mtu. Nimemuuliza, ameniambia alipata wa kumkopesha, akapanda gari, dereva akamwambia mizigo yote iachwe isipokuwa jaketi. Akaitazama ndoo, akashuka."

Fardosa aliketi juu ya begi, barabarani, akalia mpaka dereva wa teksi akazima honi. Nilimuuliza Shamso kama twende tukamwone. Akasema, "Mwacheni. Ana haya. Haya ikikaa itamfaa."

Jumatatu asubuhi tulitua Nairobi, na usiku tukawa Garissa. Bangili zilisafiri mikononi mwa Fardosa. Daraja la Tana tulilivuka na vitambulisho mkononi, na hakuna aliyeuliza chochote. Joto lilitupokea mlangoni mwa basi kama mbwa anayemjua bwana wake. Zabibu zililainika, na tone la samli lililobaki pembeni mwa begi likayeyuka tena.

Wanaouliza tuliona nini huko huwaambia kuna maji chini ya mji, yamesimama katika nguzo, na nyumba nyeupe kando ya bahari ambayo mke wangu aliiona na mimi sikuiona. Nimejifunza pia jambo la karibu zaidi. Tangu siku ile nikipewa mzigo nauliza mara mbili, na anayekasirika hubaki na mzigo wake. Adabu yetu ya kutouliza ni nzuri, lakini ilikuwa karibu kumtia mtoto majini, na mimi nikiwa mbebaji mwaminifu. Liban bado yuko Istanbul. Anaosha vyombo kwa Shamso na humpigia mama yake kila Ijumaa. Kama siku moja atapanda lile gari, siwezi kusema hatapanda.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Halima alinipitia nyumbani akiwa amejitanda mtandio wa samawati na kuvaa bangili na mkufu tuliomrudishia, akaniomba tuongozane kwa sonara sokoni. Nikamuuliza kama ameamua kuuza. Akasema hapana, wala hakuziweka mezani moja moja. Alizivua zote pamoja na mkufu, akazimwaga kwenye mizani.

"Pima tu, mwanangu," alimwambia sonara. "Nataka kujua ile bahari ilikuwa inanunua mtoto wangu kwa kiasi gani."

Sonara alinitazama, nikatikisa kichwa kwamba apime. Akapima, akabonyeza kikokotoo, akakigeuza upande wetu: shilingi laki nne na elfu kumi na sita.